Wateja wa mpishi wa majumbani hapa Brussels: ninawapata wapi?

Ndugu zangu wa Bukavu, na ninyi wa Goma na Uvira mnaonifuata, karibuni. Kila nikiweka video ya sahani niliyoipika, swali linalokuja ni lile lile: "Dada, hao wazungu wanaokuita upike kwao unawatoa wapi?" Leo ninajibu, ingawa najua wapo watakaosema ninajionyesha, na nikifika kwenye makaratasi watasema ninalalamika hali nimeshiba. Yupo hata aliyeandika kwamba nimevuka bahari kuja kuwa boyi, mtumishi wa nyumbani. Mimi hulipwa nusu ya pesa kabla sijanunua hata kitunguu, kwa hiyo neno hilo tuliache hapo.

Wengi mnadhani kwamba wateja wangu wa kwanza walikuwa Wakongo wenzetu wa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels. Hapana. Ninawapenda, lakini ndugu anataka bei ya ndugu: atakuomba umpikie watu wa ubatizo mzima, sombe, makayabo, liboke na mbuzi, halafu Jumapili inayofuata anakusalimu kanisani kwa furaha kana kwamba deni lilishalipwa. Ukimkumbusha, unaambiwa kwamba Ulaya imekubadilisha. Jambo hili linaniuma bado, na ndiyo sababu sasa hata shangazi yangu wa kuzaliwa hutumiwa karatasi ya bei kama mteja mwingine yeyote.

Wateja wangu hutoka mezani. Anayemwita mpishi nyumbani kwake kwa kawaida anakaribisha wageni, na katika meza ya watu 8 wamo 7 ambao hawajawahi kunilipa kitu. Kwa hiyo mimi simalizi kazi jikoni. Chakula kikiisha, ninatoka na aproni yangu safi, ninaeleza kwa maneno machache kile walichokula na kilikotoka, na ninaacha mezani kadi yenye menyu fupi na namba yangu. Kesho yake ninamwandikia mwenye nyumba kumshukuru, na papo hapo ninamwomba aandike maoni yake kwenye ukurasa wangu wa Google, kwa sababu akipita wiki moja ameshasahau. Maoni machache yaliyoandikwa na watu wa mtaa mmoja yameniletea kazi kuliko matangazo yote niliyoyalipia Instagram.

Kitu kingine kinachouza, nanyi hamtakitegemea, ni maswali. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataja vyakula 14 vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, na mpishi analazimika kumjulisha mteja kama vimo katika chakula chake. Karanga zimo, samaki wamo, na seleri nayo imo, ile ile ambayo sisi tunaitia katika kila mchuzi bila kufikiri. Ninampigia mteja simu siku kadhaa kabla, ninamuuliza juu ya kila mgeni, kisha ninamwandikia nitakachobadilisha. Mama mmoja, ambaye mtoto wake hawezi kugusa karanga, aliniambia kwamba alinichagua kwa sababu ya simu hiyo, hata kabla ya kuuliza bei.

Juu ya picha, nitasema kidogo tu: piga picha ya sahani karibu na dirisha, mchana, na usioneshe sebule ya mtu wala watoto wake bila ruhusa yake.

Majukwaa ya mtandaoni yanayounganisha wapishi na wateja yapo, nami nimeyatumia, lakini yanakata kamisheni, na mteja anabaki kuwa wao, si wako. Yanafaa mwanzoni, pale ambapo hakuna anayekujua.

Sasa pesa na makaratasi. Ubelgiji haikuruhusu kupika kwa malipo kwa sababu tu unajua kupika. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya lazima kwanza aombe kadi ya kitaaluma, yaani kibali cha kujiajiri, isipokuwa kama yumo miongoni mwa waliosamehewa, kwa mfano mkimbizi aliyetambuliwa au mwenye kibali cha kukaa bila kikomo. Kisha unaandikisha biashara, unalipia zaidi ya euro 100, na unajiandikisha pia kwa wakala wa usalama wa chakula. Ofisi moja ilinirudishia faili kwa sababu ya karatasi ambayo ofisi ya jirani ilikuwa imeniambia haihitajiki. Baada ya hapo, kila miezi 3, michango ya hifadhi ya jamii inakusubiri, uwe na wateja au usiwe nao: mwanzoni wanakadiria, na mapato yako halisi yakijulikana wanapiga hesabu upya kwa asilimia 20.5 ya faida na kukudai tofauti. Afadhali kidogo, ambaye mauzo yake ya mwaka hayapiti euro 25,000 anaweza kuomba asitoze kodi ya VAT. Mnaoona bei yangu mkasema ninaiba, hesabuni na hayo.

Kwa walio nyumbani wanaouliza kama kazi hii inawezekana Bukavu, ninayosema ni maoni yangu binafsi, kwa maana maisha yenu ya leo mnayajua ninyi. Tangu mwanzo wa 2025, benki zilipofungwa na wageni wengi wa mashirika walipoondoka mitaa ya Muhumba na Nguba, sitathubutu kumwambia mtu aache kazi aliyo nayo. Lakini sherehe za nyumbani hazijakoma. Kama ningekuwa huko, ningeweka menyu moja tu kwenye hali ya WhatsApp kila Alhamisi, sambaza safi (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na nanasi la kisiwa cha Idjwi, kwa bei ya dola iliyoandikwa wazi kwa kila mtu, makala (mkaa) ikiwa imehesabiwa ndani. Pesa ya soko ningetaka itumwe kwa simu siku moja kabla ya kushuka soko la Kadutu, na yule ambaye hajatuma, awe mjomba, awe mchungaji, nisingempikia.