Maua Yanayotangulia Majani

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Mmeniomba nizungumzie matembezi ya msituni, nami nimechagua njia fupi sana: Cove Hardwood, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, jimbo la Tennessee, Marekani. Inaanzia kwenye uwanja wa mandari wa Chimneys, inapanda mlima, inazunguka na kukurudisha pale pale. Ni kama kilomita moja na robo tu. Mwenye haraka ataimaliza upesi, na hatakuwa ameona kitu.

Nendeni mwezi wa Aprili. Wakati huo miti mikubwa bado haijajaa majani na jua linafika hadi chini. Mimea midogo ina wiki chache tu za kuchipua, kuchanua, kuvutia nyuki na kuweka akiba ardhini kabla matawi ya juu hayajaziba mwanga. Yakishaziba, mingi hunyauka na kutoweka hadi mwaka unaofuata. Ndiyo maana maua yanafumuka karibu kwa pamoja, mteremko mzima.

Sasa inameni, tafadhali. Mtazameni triliamu: bua moja, majani matatu, petali tatu nyeupe. Tangu mbegu iote hadi ua la kwanza hupita miaka saba au zaidi. Ua unalolipita kwa hatua moja huenda limemzidi umri mtoto anayeanza darasa la kwanza! Na majani yale matatu yako juu, chini kidogo tu ya ua. Anayelichuma na bua lake ameondoka na majani yote, mmea ukabaki hauna cha kujilishia. Hifadhi imepiga marufuku kuchuma, nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Mbegu za triliamu zina kinundu chenye mafuta. Sisimizi huzibeba hadi kwenye kiota chao, wakala kinundu, kisha wakazitupa mbegu penye taka zao, nazo zikaota huko. Usafiri huo mara nyingi ni wa mita chache tu, kwa hiyo ardhi iliyowahi kulimwa huchukua muda mrefu mno kurudishiwa maua yake. Kwenye njia hii mtajionea wenyewe. Sehemu ya chini ilikuwa mashamba kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1934. Ukipanda unaingia kwenye msitu wa kale, na huko juu ndiko maua yanakosongamana.

Jambo la mwisho ni tope, maana mvua za Aprili ni nyingi. Mkilikuta njiani, pitieni katikati yake, viatu vitaoshwa. Anayelikwepa kwa pembeni anakanyaga miche ya triliamu, ambayo kwa miaka kadhaa huwa na jani moja tu, na kwa jicho la haraka hufanana na jani lolote la msituni.