Mgeni Hapewi Siku Mbili

KOMBO: Hamjambo na karibuni tena. Mimi ni Kombo, niko na mwenzangu Naliaka, na leo zamu imemgeukia yeye. Kila wiki tunakaa hapa tukizungumza habari za wachezaji wengine. Leo nataka ile miaka mitatu uliyocheza voliboli ya kulipwa Ufaransa. Umenizungusha sana, dada.

NALIAKA: Sikukuzungusha, kaka. Nilitaka kwanza moyo utulie. Ukirudi kutoka kule, watu huuliza mambo mawili: ulipata pesa ngapi, na je, uliuona Mnara wa Eiffel? Mimi nilikaa mji mdogo ambao jioni maduka yakifungwa, barabarani wanabaki watu na mbwa wao tu. Huo mnara niliuona usiku mmoja kupitia dirisha la basi, tukienda mechi.

KOMBO: Basi mnara tuuache. Nipe siku ya kwanza.

NALIAKA: Nilitua asubuhi, jioni nikawa ukumbini nimefunga goti. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe nililikuta limeegeshwa mlangoni. Na nataka wasichana wanaotusikiliza walielewe hili kabla ya jambo lolote: mchezaji wa kigeni ananunuliwa kwa ajili ya mpira mbaya.

KOMBO: Mpira mbaya ni upi?

NALIAKA: Ngoja nikuchoree. Wapinzani wakianzisha, sisi tukipokea vizuri, mpira unamfikia seta, yule anayewapangia wachapaji mpira, mikononi karibu na wavu. Hapo seta ana njia nyingi. Ampe mchezaji wa kati mpira wa haraka, autupe kulia, aupeleke kushoto. Ukuta wa wapinzani haujui uruke wapi. Huo ni mpira mzuri, na kila timu ina wasichana wake wa nyumbani wa kuuchapa. Sasa mapokezi yakiharibika, mpira ukaenda kule kwenye mstari wa mita tatu, seta anaukimbilia, na anachoweza kufanya ni kuuinua juu sana kuelekea ukingoni. Ukumbi mzima unauona unakoenda. Wapinzani wawili, wakati mwingine watatu, wanasogea polepole na kukungoja. Wavu wetu wa wanawake ni mita 2.24, lakini ukiruka usiku wa mechi huoni wavu, unaona mikono. Mpira huo ni wako. Mshahara wako unatoka humo.

KOMBO: Kwa hiyo hata takwimu zako zitakuwa mbovu.

NALIAKA: Zitakuwa mbovu na utaulizwa. Kuna mechi nilichapa zaidi ya mara 50, tukashindwa seti ya tano, ile ya pointi 15. Jumatatu kocha akatuketisha mbele ya video. Akasimamisha picha pale nilipozuiwa, pointi ya 13. Akaniuliza, "Uliona nini?" Nikasema niliona watu watatu. Akairudisha nyuma polepole, akanionyesha mkono wa yule wa nje, kidole chake cha mwisho kimelegea. Akasema, "Chapa hapo, mpira utoke nje ukiwa umemgusa yeye, pointi ni yetu." Nilikuwa nimecheza miaka tisa, na hakuna aliyewahi kunionyesha kidole. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta vidole.

KOMBO: Nimepata baridi hapa. Na lugha je? Maana Kifaransa hukuwa nacho.

NALIAKA: Sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Namba zilinisaidia, kwa sababu mbinu huitwa kwa namba na ishara za vidole mgongoni. Tatizo lilikuwa sauti. Kwetu ukipokea unapiga kelele, "Yangu!" Wao husema "J'ai," yaani ninao. Wiki ya pili mazoezini ukaja mpira katikati yangu na libero, mchezaji maalumu wa kupokea. Akasema lake, nikasema langu, hakuna aliyemwelewa mwenzake, tukagongana. Mdomo wake ukapasuka. Nilikaa kwenye sakafu ile nikalia kuliko yeye mwenye jeraha.

KOMBO: Pole.

NALIAKA: Kesho yake alikuja na plasta mdomoni, akaniambia nimfundishe hilo neno langu. Tukakubaliana: mpira wa katikati, yeye atasema "yangu," mimi nitasema "j'ai." Kila mmoja atumie neno la mwenzake, ili masikio yasilale. Msimu mzima tulicheza hivyo. Hadi leo akinipigia simu hasalimii, anasema tu "Yangu!"

KOMBO: Sasa turudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Hapa Kenya ulikuwa na kazi.

NALIAKA: Nilikuwa na kazi ya kudumu, na wasikilizaji wa nchi nyingine huenda wasilijue hili. Timu zetu kubwa za wanawake ni za waajiri. Kenya Pipeline ni timu ya kampuni ya mabomba ya mafuta, KCB ni ya benki, Kenya Prisons ni ya idara ya magereza, na wachezaji wake ni askari kweli, wana sare na cheo. Msichana akitoka shule kama Mukumu au Kwanthanze akiwa mchezaji mzuri, anapata nafasi ya kucheza na hapo hapo anapata ajira. Ukiumia goti una dawati la kurudia. Una bima ya matibabu, una pensheni. Mimi naiheshimu sana njia hiyo. Imelea familia nyingi.

KOMBO: Na kule?

NALIAKA: Kule una mkataba wa msimu mmoja. Miezi minane, pengine tisa. Mei ikifika huna kazi. Kwa hiyo mtu anayekwambia "nenda Ulaya ukatajirike" mwulize: nikirudi Mei, Juni nitakula nini? Niliandika barua ya kuomba likizo bila malipo. Nilijibiwa baada ya muda mrefu sana, na jibu lilikuwa kwamba nichague.

KOMBO: Ukachagua.

NALIAKA: Nilikuwa na miaka 26. Nilimpigia mama nikiwa Kasarani, tumemaliza mechi ya ligi, ukumbi nusu mtupu. Mama ni mwalimu mstaafu, hajui voliboli, lakini anajua pensheni. Alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Hiyo karatasi yao umeisoma yote?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimesoma ukurasa wenye mshahara tu.

KOMBO: Eee.

NALIAKA: Niliisoma kwenye ndege, kaka, na si wakati mzuri wa kusoma mkataba. Kuna mshahara wa kwenye karatasi na kuna unaoingia mfukoni baada ya kodi na makato. Ukitajiwa tarakimu, uliza ni ipi kati ya hizo. Nyumba ni ya klabu? Umeme wa kupasha joto nyumba nani analipa? Wakala anachukua asilimia ngapi, na anayemlipa ni klabu au wewe? Ukiumia Novemba, mshahara unaendelea? Tiketi ya kurudi imeandikwa au umeahidiwa kwa mdomo?

KOMBO: Kuna na kile cheti cha uhamisho.

NALIAKA: Kipo. Mchezaji akitoka nchi moja kwenda kucheza nyingine, lazima uhamisho upitie kwenye mfumo wa shirikisho la kimataifa, FIVB. Mchezaji anaidhinisha, klabu mpya inaidhinisha, shirikisho la huku na la kule yanaidhinisha, ada zinalipwa. Mmoja akichelewa, huchezi mechi rasmi hata kama viza unayo na jezi umeshaivaa. Mimi cheti kilikwama mahali, nikakaa benchi mechi mbili na nguo za joto. Watu waliolipa kiingilio wakimwona yule mgeni waliyeahidiwa, amekaa tu. Tena kile cheti kina tarehe ya mwisho. Msimu ukiisha, unarudi kuhesabiwa wa nyumbani.

KOMBO: Na baridi?

NALIAKA: Baridi unanunua koti. Mimi nilishindwa na giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na sisi tuliingia ukumbini asubuhi kwa mazoezi ya vyuma, tukarudi mchana kwa mpira, tukatoka usiku. Kuna wiki sikuliona jua kabisa. Majira ya baridi Kenya iko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo nikitoka mazoezini saa tatu usiku, nyumbani ni saa tano, mama ameshalala. Tuliishi kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa akirekodi akipika, nasikia hadi mwiko ukigonga sufuria.

KOMBO: Ugali ulikuwa unakula wapi?

NALIAKA: Mwanzoni nilisonga ile semolina ya njano ya mahindi ya Waitaliano. Inashika, lakini si yenyewe. Halafu Jumatatu moja, siku yetu ya mapumziko, nikapanda treni hadi mji mkubwa wa jirani, nikaona duka lina ndizi mbichi mlangoni. Ndani yuko mama mmoja mtu mzima, ananiangalia urefu wangu. Nikajaribu Kifaransa changu, nikasema nataka unga wa mahindi. Nikakosea, neno "unga" likanitoka lenyewe. Akaweka chini kitambaa alichoshika. Akaniuliza, "Weye ni wa wapi, mama?"

KOMBO: Mkongo!

NALIAKA: Akasema, "Niko wa Bukavu." Kombo, nilishika ile meza. Ilikuwa miezi mitatu sijasikia Kiswahili cha mtu aliye mbele yangu. Akanitolea kilo mbili za unga mweupe, wao wanauita fufu ya mahindi, akaongeza samaki wakavu, akakataa pesa ya samaki. Nikiondoka akasema, "Ukuye tena." Nilikwenda kila Jumatatu niliyoweza. Mwezi wa Machi akaja na watoto wake kutazama mechi, wakakaa nyuma ya mstari wa kuanzisha. Nilichapa vibaya sana siku ile. Nilikuwa nataka mno kumpendeza.

KOMBO: Tugusie pesa zilipokatika, kama unaruhusu.

NALIAKA: Msimu wa tatu, klabu nyingine. Sitaitaja. Januari mshahara haukuja, Februari haukuja. Tukaambiwa mfadhili amejitoa. Wenzangu wenyeji walikuwa na wazazi karibu, mimi nilikuwa na kodi ya nyumba ya mama ninayoilipa huku. Jambo moja nashukuru: mkataba nilikuwa nao, na kila ujumbe wa simu nilikuwa nimeuhifadhi. Unaweza kupeleka madai FIVB, na klabu yenye deni inaweza kuzuiwa kusajili wageni. Hilo wanaliogopa. Nililipwa, lakini ilichukua hadi Agosti, na mwezi mmoja tulikubaliana nusu.

KOMBO: Nusu!

NALIAKA: Nilikuwa nimechoka. Na kipindi hicho chote mechi inachezwa Jumamosi. Mpira mbaya unainuliwa, unaruka. Huwezi kuruka nusu.

KOMBO: Naliaka, hukuchezea timu ya taifa. Lakini ukiwatazama Malkia Strikers, unaona nini ambacho sisi hatukioni?

NALIAKA: Naona wale wasiopumzika. Sharon Chepchumba alicheza Ugiriki. Mchezaji kama huyo ligi ya Ulaya ikiisha, wenzake wanakwenda ufuoni, yeye anarudi kambini kwa ajili ya nchi. Mwaka 2023 tulichukua ubingwa wa Afrika Yaoundé, mwaka 2024 tukawa Paris kwenye Olimpiki, mara ya nne baada ya Sydney 2000, Athens 2004 na Tokyo. Paris hatukushinda mechi, na nilisoma maneno makali. Mimi nilikuwa natazama mapokezi. Wenzetu wa timu kubwa wanakutana na ule mpira mkali wa kuanzisha kila Jumamosi, miezi minane. Wetu wengi walikuwa wanakutana nao kwenye mashindano makubwa tu. Ndiyo maana inaniuma mwajiri akimwambia binti achague. Akienda, anarudi na kitu cha kuwafundisha wengine. Likizo bila malipo haimgharimu mwajiri mshahara.

KOMBO: Mwili wako uko vipi sasa?

NALIAKA: Goti la kushoto nikishuka ngazi naanza na mguu huo huo. Kifundo kiliteguka mara mbili, zote nikitua juu ya kiatu cha mpinzani. Sheria inaruhusu mguu wake kuvuka chini ya wavu mradi sehemu yake ibaki kwenye mstari wa katikati au juu yake, kwa hiyo unatua mahali ambapo kuna mtu kihalali.

KOMBO: Swali la mwisho, la msikilizaji. Yuko Kakamega, ana miaka 22, ameletewa mkataba wa miezi minane wa Ufaransa, ana ajira. Anauliza, "Dada Naliaka, niende?"

NALIAKA: Mdogo wangu, nimekusoma mara tatu. Omba likizo kwa maandishi, na nakala iliyogongwa muhuri ubaki nayo. Huo mkataba tafuta mtu anayejua Kifaransa cha ofisini, si cha mitaani, aupitie wote. Uliza klabu majina ya wageni waliocheza hapo miaka miwili iliyopita, uwaandikie, uwaulize swali moja: mlilipwa kwa wakati? Wakikataa kukupa majina, hilo ni jibu.

KOMBO: Na akinyimwa likizo?

NALIAKA: Hapo sitamdanganya. Sikurudishiwa kazi yangu. Sasa nafundisha mpira shule ya upili huku Bungoma, mshahara ni mdogo kuliko wa dawati lile, na mama bado hulitaja. Jana jioni nilimsimamisha msichana wa kidato cha pili mbele ya wenzake wawili walioinua mikono, nikamwuliza anaona nini. Akasema, "Naona watu wawili, mwalimu." Nikamwambia atazame tena.

KOMBO: Akaona?

NALIAKA: Bado. Leo saa kumi tuna mazoezi.