Leseni ya Kwasasi

Wazee wetu, kaka na dada zangu, asalaam aleikum.

Septemba 2016, NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050. Desemba mwaka huohuo Kenya ikaridhia Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa kuhusu tabianchi, ikiwa imeahidi kwamba kufikia 2030 hewa chafu itapungua kwa asilimia 30 kuliko ambavyo ingekuwa tusipofanya lolote. Jambo hili liliniuma, na bado linaniuma.

Wapo wanaosema Kenya inachafua hewa kidogo mno, basi kwa nini tujinyime? Swali la haki. Lakini tazameni umeme tulio nao: Olkaria mvuke wa ardhini unazungusha mitambo tangu 1981, Loiyangalani kuna upepo wa megawati 310. Mwaka 2019, saa ya usiku ambayo kila nyumba imewasha taa, nchi nzima ilihitaji takriban megawati 1,900. Mtambo mmoja tu ungekuwa zaidi ya nusu ya hizo! Na mkataba wa kununua umeme huo ulikuwa wa miaka 25, tuulipie hata saa ambazo hatuutaki. Pesa hizo zingetoka kwenye tokeni ya mama anayenunua umeme wa shilingi hamsini. Makaa yenyewe yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini.

Watu wa Amu, yaani Lamu, waliliona mapema. Mtambo kama ule hunyonya maji ya bahari kupoza mashine, kisha huyarudisha yakiwa na joto. Mvuvi wa kamba hahitaji kufafanuliwa: kamba wachanga hulelewa kwenye mizizi ya mikoko, maji yakiwa shwari. Na kaskazi likivuma, moshi wa Kwasasi ungeelekea mjini.

Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni, na sababu ni hizi. Vikao vya wananchi vilifanywa kabla uchunguzi wa athari haujafanyika, yaani watu waliulizwa maoni juu ya kitu wasichoonyeshwa. Tena, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Makaa ya Mui, kule Kitui, bado yako ardhini. Ndugu zangu wa Kitui, atakayekuja na leseni mkononi, mwambieni awasomee ripoti kwanza kwa lugha yenu, kisha awaonyeshe ukurasa unaozungumzia tabianchi.