Dume Yuko Wapi? Mazungumzo kuhusu buibui wa kando ya ziwa

Ndugu zangu, shikamooni wazee, hamjambo vijana. Mmeacha mpira kuja kusikia habari za buibui, Mungu awalipe.

Wale wadudu wa ziwani wakishavamia taa zetu usiku, asubuhi chini ya mapaa tando zimejaa. Yule mkubwa anayening'inia katikati, kichwa chini, ni jike. Dume mnampita bila kumwona. Kwa buibui wa utando wa dhahabu, jike hufika sentimita kadhaa, dume ni milimita chache tu. Hujibanza pembeni, hula makombo, na mara nyingi husubiri jike awe na windo mdomoni ndipo amsogelee. Ana akili yule.

Sasa gusa utando kwa kijiti, polepole. Wengi hawakurukii. Wapo wanaoutikisa utando kwa kasi mpaka jicho linashindwa kuwafuata. Ukizidi kuwasumbua, hujiachia kwa uzi mmoja, hukunja miguu na kutulia kimya. Ukimkamata mguu, anaweza kuukata mwenyewe kwenye kiungo akimbie. Akiwa bado anakua, utaota mwingine atakapojivua ganda. Kuuma ni hatua ya mwisho, maana sumu ni ya kupatia chakula.

Mkali wa kweli ni yule wa shimoni, mwenye manyoya. Huinua miguu ya mbele na kukuonyesha meno. Wenzake wa Marekani wengi hukupukutia manyoya yanayowasha; wa kwetu hana silaha hiyo, basi hutisha kwanza, ukikaidi anauma. Jike wake anaweza kuishi hata miaka 20 humo shimoni. Dume akikomaa hutoka kutafuta mwenza, na hana maisha marefu baada ya hapo. Kwa hiyo huyo mnayempiga kandambili sebuleni usiku, huenda alikuwa safarini kuposa! Mtazameni mbele ya mdomo: vipapasio viwili vyenye ncha zilizovimba, kama bondia aliyevaa glovu. Huyo ni dume.

Yupo pia buibui mdogo mrukaji wa kandokando ya Ziwa Victoria, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003. Hupenda mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Kwake, dume na jike wote hucheza kubembelezana, wote huchagua. Na aliyekula mbu wa damu, harufu yake humvutia zaidi mwenzake.

Haya, maswali. Mzee wangu pale nyuma, mkono umekuwa juu muda mrefu.