Tuingie Ndani ya Gari, Tutazame Nje

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Tukizungumzia umbo la gari, karibu sote husimama nje. Tunasifu taa, boneti, rimu, rangi. Leo naomba tuingie ndani, tufunge mlango, tushike usukani, halafu tujiulize: naona nini? Wanafunzi wangu wakianza kuchora gari, dirisha hulichora mwisho, tena hulifanya jembamba kama jicho la mtu anayesinzia. Siwalaumu, maana ndivyo yalivyo magari waliyokua wakiyaona. Lakini hayakuwa hivyo siku zote.

Magari ya mwanzo hayakuwa na shida hii kwa kuwa mengi hayakuwa na kuta. Ford Model T iliyotoka mwaka 1908 iliuzwa zaidi ikiwa wazi, na mbele ya dereva palikuwa na kioo bapa kilichosimama wima. Hatari ilikuwa kioo chenyewe, kwani kikivunjika kiligeuka visu. Dawa yake ilianzia kwenye ajali ndogo ya maabara. Mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya kioo. Ikapasuka, lakini vipande havikutawanyika, kwa sababu ndani mlikuwa na utando mkavu wa selulosi uliovishika. Humo ndimo kilimotoka kioo cha tabaka: vioo viwili na utando katikati. Mimi huiheshimu chupa ile kuliko mapambo yote ya kromu yaliyofuata, kwa kuwa bila kioo kisichoua, nani angethubutu kumzungushia abiria vioo?

Kisha wakaja wachoraji. General Motors ilimwajiri Harley Earl mwaka 1927, naye akaleta kazi ya kufinyanga gari zima kwa udongo kabla ya kukata bati. Shauku yake ilikuwa kulirefusha gari na kulishusha chini. Mikia ya magari yake, yenye mapezi kama ya samaki, imezungumzwa vya kutosha, nitaipita.

Ninapotaka kukaa ni Paris, Oktoba 1955, siku kampuni ya Kifaransa ya Citroën ilipoonyesha gari lake, DS. Umbo lake lilitoka mikononi mwa Flaminio Bertoni, ambaye alikuwa pia mchongaji wa sanamu. Watu wanakumbuka pua yake na jinsi ilivyoelea barabarani. Ingieni ndani. Nguzo za paa ni nyembamba, na vioo vya milango havina fremu. Paa lilitengenezwa kwa plastiki yenye nyuzi za kioo ili liwe jepesi, kwa hiyo nguzo hazikuwa na mzigo mkubwa. Unakaa humo kama uliyeketi barazani. Kwangu mimi huo ndio uzuri hasa wa gari lile, na hauonekani kwenye picha yoyote iliyopigwa kutoka nje.

Njia ile ilikuwa na mipaka yake. Mwaka 1975 kampuni ya AMC ya Marekani ilitoa Pacer, gari fupi, pana, lililojaa vioo kila upande. Dereva aliona vizuri sana, ila jua nalo liliingia bila kubisha hodi, na ndani mkawa moto kama tanuri. Mchoraji Mwitaliano Giorgetto Giugiaro alikuwa na busara zaidi katika Fiat Panda ya 1980: vioo vyote bapa, rahisi kutengeneza, vikubwa, vilivyosimama karibu wima. Kioo kilichosimama hakikusanyi jua kama kilicholala. Gari la bei nafuu likawa na dirisha lililoyashinda magari mengi ya kifahari.

Basi nani aliyeziba madirisha? Jibu la haraka ni sheria, na lina ukweli. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2009 ilitaka paa lihimili uzito mara 3 wa gari lenyewe, wakati awali ilikuwa mara 1.5. Nguzo zikanenepa, na katika magari mengi zikafichwa ndani yake mifuko ya hewa ya kulinda kichwa. Ulaya ikataka boneti iachane na injini, ili kichwa cha mtembea kwa miguu aliyegongwa kisikutane na chuma kigumu, boneti zikapanda. Hizo ni roho za watu zilizookolewa, na sitasema neno dhidi yake.

Lakini sheria haikuagiza kiuno kirefu. Mstari ule wa chini ya dirisha ulipandishwa na mitindo. Audi TT ya 1998 na Chrysler 300 ya 2004 zilionyesha kwamba gari lenye ubavu mnene na dirisha jembamba huonekana lenye nguvu, na wengi wakafuata. Magurudumu yakakuzwa, na gurudumu kubwa hudai ubavu mrefu ili lisipwaye. Sasa betri ya gari la umeme iko chini ya sakafu, abiria anakaa juu zaidi, mwili mzima unapanda.

Anayesema haiwezekani tena, nitampeleka kwenye Honda Jazz ya 2020. Wahandisi walihamishia kazi ya kubeba mgongano kwenye nguzo ya pili iliyo nyuma kidogo ya ile ya mbele kabisa, na hiyo ya mbele wakaipunguza kutoka zaidi ya milimita 100 hadi 55 hivi. Mtoto anayevuka kwenye kona hafichwi tena mwili mzima nyuma ya nguzo.

Wengine wameona suluhisho ni kamera. Tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo Marekani lazima liwe na kamera ya nyuma, na kwa kurudi nyuma taratibu ni msaada mkubwa, kwani inamwona mtoto aliye chini ya bampa. Polestar 4 ya 2023 ilikwenda mbali zaidi: haina kabisa kioo cha nyuma, na pale kwenye kioo cha kutazamia nyuma pana skrini.

Hapa ndipo tunapotofautiana. Kioo cha kawaida kinaonyesha lori lililo mita 50 nyuma yako, na jicho hubaki limelenga mbali, kama linavyotazama barabara. Skrini iko nusu mita usoni. Kila ukiinua macho, jicho lazima lijikaze kulenga karibu, kisha lirudi mbali. Kijana hatagundua. Mwenye miaka 55, anayehitaji miwani kusoma gazeti, ataiona picha yenye ukungu wakati huohuo anaohama njia.

Karibuni maswali.