Jinsi ya Kuandaa Podikasti ya Filamu Mpya na Marafiki, Kila Wiki

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tunaandaa kipindi kizima cha podikasti ya filamu, kuanzia kuchagua filamu hadi kipindi kuwafikia wasikilizaji. Mkiwa watu wawili au watatu mnaopenda filamu, na kila mmoja ana simu au kompyuta, mnaweza kuanza wiki hii hii.

Najua wengi mmekuja kuuliza kuhusu maikrofoni. Tutafika huko. Kwanza kuna kanuni moja ambayo bila hiyo hata maikrofoni ya bei mbaya haitawasaidia: msiizungumzie filamu kabla hamjaanza kurekodi. Msiulizane "umeionaje?" mkitoka ukumbini, wala msitumiane ujumbe usiku kwenye kundi lenu. Mkishamaliza ubishi pembeni, mbele ya maikrofoni mtakuwa mnaigiza ubishi, na msikilizaji huutambua mara moja. Mshangao wa mwenzako anaposikia kwamba filamu aliyoipenda wewe umeiona ya hovyo hutokea mara moja tu, kwa hiyo utunzeni.

Mnaowafahamu Gene Siskel na Roger Ebert mtanielewa. Walikuwa wahakiki wa magazeti mawili yaliyokuwa yakishindana Chicago, na mwaka 1975 wakaanza kujadili filamu pamoja kwenye televisheni. Watu wanakumbuka zaidi ule mtindo wao wa dole gumba juu, dole gumba chini. Mimi naona kilichowafanya watazamwe mpaka Siskel alipofariki mwaka 1999 ni kwamba kila mmoja alikuwa tayari kumwambia mwenzake usoni kuwa amekosea, kisha akaeleza sababu.

Haya, tuanze. Chagueni filamu moja kwa kila kipindi. Moja tu. Mkibeba tatu mtaishia kusimulia hadithi zake juu juu. Kubalianeni mwishoni mwa kipindi kilichotangulia, ili kila mtu awe na siku za kutosha kuitazama, na msikilizaji naye apate nafasi ya kuiona.

Wakati wa kuitazama, simu iwe mfukoni. Filamu ikiisha, kaa pembeni dakika kumi uandike, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Usiandike muhtasari wa hadithi. Andika tukio moja lililokugusa au kukuudhi, na ulieleze kwa macho: kamera ilikuwa wapi, nani alinyamaza, muziki uliingia saa ngapi. Andika na swali moja ambalo filamu haikulijibu. Halafu tazama majina ya mwisho, yale ambayo watu huyapita. Chukua jina la mwongozaji, mwandishi, mpiga picha na mhariri, na uhakikishe unajua kuyatamka. Ukimsifia mtu kwa kazi yake, angalau mtaje kwa jina lake.

Sasa chumba. Tazameni hapa nilipo: pazia zito nyuma yangu, zulia chini, na kabati la nguo liko wazi upande huu. Vitu laini hunyonya sauti. Kuta tupu na sakafu ngumu huirudisha, na ndiyo maana sauti nyingine hutoka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Zimeni feni, fungeni madirisha, simu zote ziwe kimya kabisa, kwa sababu hata mtetemo wake juu ya meza unaingia kwenye rekodi.

Maikrofoni iwe umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, na uiweke kando kidogo, isielekee mdomo moja kwa moja. Sikilizeni tofauti. Hii hapa nimeielekeza usoni: "picha ya pili ilipendeza." Mmesikia ule mpasuko kwenye kila P? Sasa naisogeza pembeni kidogo: "picha ya pili ilipendeza." Maikrofoni ni ile ile, na sijanunua chochote. Kama mnarekodi chumba kimoja, kila mtu awe na maikrofoni yake na avae hedifoni. Kama mna maikrofoni moja, kaeni karibu karibu na mzungumze kwa zamu.

Angalieni kipimo hiki cha sauti kwenye skrini. Mkiongea kwa nguvu, kilele kicheze kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Kikigonga sifuri, sauti inapasuka na haitengenezeki tena. Jaribuni kwa kucheka, si kwa kuhesabu moja mbili tatu, maana kicheko ndicho kitakachopanda kuliko yote.

Marafiki wanaoishi mbali mbali, nanyi sikilizeni. Pigianeni simu ya intaneti kama kawaida ili msikilizane, lakini kila mmoja ajirekodi mwenyewe kwenye kifaa chake. Simu ikikwama katikati, rekodi yenu haitaathirika. Baada ya kubonyeza kurekodi, mmoja ahesabu hadi tatu na wote mpige kofi pamoja. Hapa kwenye programu ya kuhariri, kofi linaonekana kama mwiba mmoja mrefu umesimama peke yake. Nalishika faili la pili, nalivuta kushoto taratibu... hapo. Miiba imelingana, na mazungumzo yameungana. Pigeni kofi jingine mwishoni, kwa sababu vifaa viwili haviendi sawasawa kabisa, na baada ya saa nzima faili moja linaweza kutangulia jingine kidogo.

Tunarekodi sasa. Gaweni kipindi sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mtu ambaye hajaiona filamu: inahusu nini kwa sentensi mbili, nani ameiongoza, inamfaa nani. Halafu semeni wazi, "kuanzia hapa tunafichua mambo yote," na mweke mlio mfupi. Baadaye mtaandika dakika hiyo kwenye maelezo ya kipindi. Kumharibia mtu mwisho wa filamu ni kumnyang'anya kitu ambacho hawezi kurudishiwa, kwa hiyo lichukulieni kwa uzito.

Sehemu ya pili ndiyo kipindi chenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mtu akisema "steringi ameigiza vibaya," msikubali ipite hivyo. Mwulizeni: uliona wapi? Tuseme kuna mama anapokea simu ya msiba. Mmoja wenu anasema, "Hakulia, sikuamini." Mwingine anamjibu, "Bwana, tazama mkono wake! Anaendelea kukunja nguo ile ile mara tatu." Hapo hapo mazungumzo yamepata uhai. Msikilizaji ambaye ameiona filamu atataka kurudi akaangalie ule mkono, na ambaye hajaiona atakwenda kuutafuta. Maoni bila tukio ni kelele. Tukio moja linaweza kuwabeba dakika kumi na tano.

Msikatizane mwenzenu anapotafuta neno, na asiwepo mwamuzi wa kuwapatanisha. Mkitofautiana hadi mwisho, malizeni mkiwa mmetofautiana. Kuhusu alama, kila mtu atoe yake mwishoni na aitetee kwa sentensi moja. Mimi siungi mkono kujumlisha na kugawa, kwa sababu tisa ya mmoja na tatu ya mwingine si sita ya mtu yeyote.

Kuhariri. Audacity ni programu ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na inatosha kabisa. Kateni mahali mnaposimulia hadithi kwa kirefu, mnaporudia hoja, na mnapotafuta jina. Vicheko viacheni. Uacheni pia ule ukimya mfupi kabla ya mtu kukubali hoja ya mwenzake. Kisha wekeni ukubwa wa sauti kwenye LUFS hasi 16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kiwango ambacho Apple wanakipendekeza kwa podikasti, ili msikilizaji asilazimike kupandisha na kushusha sauti njiani.

Muziki wa filamu na vipande vyake msivichomeke kiholela. Vina wenyewe, na kuandika "haki zote ni za mwenye filamu" hakukupi ruhusa. Lielezeni tukio kwa maneno yenu. Ni zoezi zuri pia.

Toeni faili la MP3. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula takriban megabaiti 58. Kwa mazungumzo matupu, chaneli moja ya kilobiti 64 inasikika vizuri, na faili linashuka hadi karibu megabaiti 29. Wasikilizaji wanaonunua bando watawashukuru.

Kilichobaki ni kupakia. Mnajiunga na huduma ya kuhifadhi podikasti, inawapa anwani ya RSS, yaani kiungo ambacho programu za podikasti hukisoma ili kupata vipindi vyenu, na anwani hiyo mnaisajili mara moja tu Spotify na Apple Podcasts. Kila kipindi kipya mnachopakia kitajipeleka chenyewe huko. Kabla ya kuchapisha, sikilizeni dakika tano za mwanzo kwa spika ya simu, bila hedifoni. Kama kila neno linasikika hapo, andikeni kichwa chenye jina la filamu, wekeni ile dakika ya kufichua mambo kwenye maelezo, tajeni filamu ya wiki ijayo, kisha bonyezeni chapisha.