Soft, softfp au hard: kuchagua hesabu za desimali kwenye ARM

Karibuni. Leo tunakompaili programu ya chipu za ARM Cortex-M kwa kompaila ya GCC, na tunaamua nani apige hesabu za desimali: FPU (kitengo cha hesabu za desimali) iliyomo ndani ya chipu, au msimbo unaoiigiza.

Kwanza fungua maelezo ya mtengenezaji wa chipu yako, usibahatishe. Cortex-M0+, kama zile zilizomo kwenye RP2040 ya Raspberry Pi Pico, haina FPU. Andika -mfloat-abi=soft, basi. Ukizidisha float mbili (namba za desimali za biti 32), kompaila itaita fanksheni __aeabi_fmul, nayo itafanya kazi hiyo kwa maagizo ya namba nzima. Jibu utalipata, ila litachelewa.

Ukiwa na Cortex-M4 yenye FPU, mfano STM32F407, hapo ndipo penye kuchagua: -mfloat-abi=softfp au -mfloat-abi=hard. Weka -mcpu=cortex-m4 na -mfpu=fpv4-sp-d16. Wengi hudhani softfp nayo ni uigizaji. Sivyo, inatumia FPU kama hard. Zinatofautiana pale fanksheni inapoitwa: softfp hupitisha float kwenye rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya chipu) za kawaida, r0 hadi r3, na hard hupitisha kwenye rejista za FPU, s0, s1 na kuendelea. Mimi huchukua hard, maana namba hazihamishwihamishwi bure. Lakini ukipewa laibrari iliyokwisha kompailiwa kwa soft, na msimbo wake huna, chukua softfp. Soft na softfp huungana. Ukilazimisha hard, linka, programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa, itagoma na kukuandikia "uses VFP register arguments".

Sasa tazama hapa, maana hapa ndipo kasi inapopotelea:

x = x * 1.1;

x ni float, lakini 1.1 ni double (desimali ya biti 64), na FPU ya M4 inajua hesabu za biti 32 tu. Endesha arm-none-eabi-objdump -d, inayoonyesha maagizo ya chipu yaliyozalishwa, uone: __aeabi_f2d, kisha __aeabi_dmul, kisha __aeabi_d2f. Umechagua hard, na bado unaigiza! Andika 1.1f, kompaili tena kwa -O2, angalia: agizo moja tu la FPU, vmul.f32. Ongeza -Wdouble-promotion ili kompaila ikuonye kila double inapojipenyeza.

Mwisho, chipu ikiwaka FPU huwa imezimwa. Iwashe kabla ya main:

SCB->CPACR |= (0xF << 20);

Usipoiwasha, agizo la kwanza la FPU litaitupa programu kwenye HardFault, hitilafu inayoikatiza.